Neno Lililolala Chini ya Mguu wa Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu. Si mama, si Mama Mkubwa, si hata mto wangu, na mto wangu unajua mengi. Sijui Kiingereza.

Haya. Limetoka.

Zawadi ya Kiingereza niliyopewa siku ya kumaliza shule haikuwa haki yangu. Katika mtihani wa kuzungumza, msahihishaji aliniuliza maswali kumi na moja. Nikajibu Yes mara kumi na moja. Kabla ya kila jibu nilitazama dirishani, nikitafuta pa kutokea. Yeye akadhani natafakari! Akaandika kwamba nina fikra nzito na maneno machache, nikakabidhiwa kamusi nene ya jalada la kijani mbele ya wazazi wote. Mama alilia. Baba alipiga mluzi, yeye ambaye hapigi mluzi. Ningesemaje baada ya hapo?

Kuandika kidogo naweza, nikikariri. Lakini mtu akinifungulia mdomo kwa Kiingereza, masikio yangu hujaa sufi.

Na sufi naijua. Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye karakana ya Mama Mkubwa, dada yake mama, tunakoshona mito na magodoro. Mimi nipo chumba cha nyuma, najaza. Sufi ni nyepesi mno, ukiipumulia inapaa. Jua la mchana likiingia, chumba kizima huwa kama mawingu yameshuka kupumzika, nami nimekaa katikati yake na nyusi nyeupe kama za kikongwe. Wakati mwingine najisahau, mkono umo ndani ya mto hadi kwenye kiwiko, na mimi nipo mbali sana. Mama Mkubwa huita mara tatu ndipo nirudi.

Leo ametangaza habari kubwa. Mwezi ujao anafungua duka barabara ya pili. Dirisha la kioo, kaunta, na kiti cha kuzunguka! Anahitaji msichana mmoja wa kukaa kwenye kaunta. Ni mimi au binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Ijumaa anakuja Bibi wa Hoteli kuchagua mito ya vyumba vyake vyote. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Atakayemhudumia bibi huyo akaondoka ameridhika, kaunta ni yake.

Redio akikosa, anarudi kwenye cherehani yake na maisha yanaendelea. Nikikosa mimi, mama ameshaamua: naenda kwa kaka kulea mapacha. Mapacha wale wanauma. Nina alama mbili kwenye mkono wa kushoto tangu sikukuu iliyopita, moja ya kila mmoja.

Mama Mkubwa akanitazama mimi, akasema kwa upande wa Kiingereza hana wasiwasi, nyumba hii ina bingwa wake. Redio akacheka kwa pua.

Nimerudi nyumbani nikaitoa kamusi mahali ilipokuwa tangu siku ya zawadi: chini ya mguu wa kitanda changu, ule mfupi. Kitanda kikainama upande wa kichwani. Nikaifungua bila kuchagua. Jicho likaangukia neno moja.

Dormant.

Nimelitamka mara ishirini. Ni neno la kutamkwa umelala.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala kichwa chini, miguu juu. Ndoto zote zilinitiririkia kichwani. Nimeamka nimechoka lakini mwenye mpango.

Mpango: bingwa hahitaji maneno elfu. Anahitaji neno moja zuri, litakalosemwa kwa wakati wake, kisha kimya. Kimya ninacho, cha kutosha na cha kuwagawia majirani. Neno sasa ninalo.

Kamusi inasema hivi. Kwanza: lililolala, lililotulia kwa muda, husemwa juu ya mbegu, au mlima wenye moto ndani. Halafu, kwa mfano: kipaji, tamaa, ugomvi, kitu kilichomo ndani ya mtu, kizima, ila hakijaamshwa.

Nilisoma hayo nimeketi kwenye sufi, kamusi nimeificha ndani ya foronya. Nikasikia kama kuna mtu ameniita kwa jina ambalo hata mimi sikujua kuwa ni langu. Hakijaamshwa! Basi si kwamba mimi ni mjinga. Si kwamba mimi ni mzito, kama anavyosema Redio, au kwamba nimepoa, kama anavyosema shangazi. Mimi ni dormant.

Nikaanza kuliona kila mahali. Sufi iliyobaki kwenye gunia. Kengele ya mlangoni isiyolia. Mluzi wa baba.

Nilihitaji kulijaribu kwa mtu. Nikamchagua Fundi Shazia, mzee anayeshona magodoro yetu. Anaitwa hivyo kwa sababu ya shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, ambayo huishika mdomoni anapofikiri. Ni mtu mpole, na sindano ikiwa mdomoni hawezi kukucheka. Nikamweleza neno na maana zake zote mbili. Alisikiliza. Akaitoa sindano. Akasema polepole kwamba kama ni hivyo, basi hata yeye anayo yake. Zamani alikuwa akiimba. Kabla mkewe hajafariki. Tangu hapo sauti aliiweka mahali, hajui wapi.

Nikamwambia haijapotea, imelala tu. Nilisema hivyo mimi! Kwa sauti iliyosikika!

Akajaribu. Mwanzo ilitoka kama bawaba ya mlango. Kisha ikalainika. Ilikuwa wimbo wa kumbembeleza mtu alale, wa chini chini, kama umevaa ndara. Nikafumba macho. Sufi ikaendelea kushuka.

Nilipofumbua, saa ilikuwa kumi, nilikuwa nimejaza mito miwili badala ya kumi na miwili, na Fundi bado anaimba. Redio aliniambia mzee hajanyamaza tangu saa nane na yeye, Redio, ameshindwa kuingiza hata neno. Eti nimemfanya nini babu wa watu? Sijawahi kuona Redio analalamikia kelele.

Ushindi wa kwanza. Nimeuandika kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Nitaeleza kwa mpangilio.

Ukuta wetu wa upande wa kushoto ni ukuta wa seremala. Mama Mkubwa na seremala hawajazungumza kwa miaka tisa. Kisa ni hiki: unga wa mbao wa seremala huingia dirishani kwetu na kujichanganya na sufi, mteja akilalia mto anapiga chafya. Na sufi yetu huruka kwenda kwake na kunata kwenye vanishi mbichi. Miaka tisa iliyopita alipaka vanishi kitanda cha bibi harusi, akakianika uani. Upepo ukageuka. Asubuhi kitanda kilikuwa kimeota ndevu. Kilikataliwa mbele ya wakwe.

Tangu siku hiyo, salamu zao hupitia kwa Fundi Shazia. Hata kaunta ya duka jipya seremala anaitengeneza kwa vipimo alivyopelekewa na Fundi kwenye karatasi, bila "habari za asubuhi".

Sasa. Wakati wa chakula cha mchana, Redio akaniuliza mbele ya wote kama bingwa amejiandaa na Ijumaa, au atamwimbisha mgeni naye. Nikahisi shingo inawaka. Nikasema nimejiandaa. Akasema hebu tuonje kidogo. Nikasema dormant. Mama Mkubwa akasema neno zuri hilo, lina uzito, maana yake nini mwanangu?

Hapo ningetaja mbegu. Mbegu ilikuwepo kwenye kamusi, ya kwanza kabisa! Hata mlima ulikuwepo. Lakini mbegu niliiona ndogo. Nikasema, kwa mfano, Mama Mkubwa, ule ugomvi wako na seremala, huo ni dormant. Upo, ila umelala.

Mama Mkubwa akaweka kijiko chini.

Akauliza nani kaniambia umelala. Akauliza tena, akitazama ukuta badala ya kunitazama mimi. Akasema yeye kwa miaka tisa anaumeza unga wa mbao wa yule baba, na watu wanamchukulia kwamba amelala? Akainuka. Akafungua dirisha la kushoto, lile lililofungwa kwa misumari na bado linapitisha unga, sijui misumari aliitoaje. Akaita. Yale aliyoyasema siwezi kuyaandika kwenye daftari lenye picha ya ua kwenye jalada. Seremala akajibu kutoka upande wa pili, randa mkononi, akianza na kitanda chenye ndevu na kumalizia na tabia za ukoo wetu. Majirani walitoka na viti.

Mwisho wake: seremala amesema kaunta haiji. Bora aikate kuni. Mama Mkubwa amesema afadhali, hata hivyo miguu yake ingekuwa imepinda kama ya mwenyewe. Kisha akakaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba bila kaunta hakuna duka.

Bila duka hakuna kiti cha kuzunguka. Mapacha.

Redio alinipigia makofi. Akasema kweli Kiingereza ni kitu kikubwa, neno moja tu limefanya kazi ya miaka tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Usiku kucha nimekuwa nikiteremkia upande wa kichwani. Leo nilifika kabla ya wote, nikiwa na mpango mpya, mwema, usiohitaji kusema lolote.

Nilijaza mto. Sijawahi kujaza mto kama ule. Nilichambua sufi uzi kwa uzi, nikatoa kila mbegu, nikaushona ukingo kwa mkono. Nilipouinua ulikuwa kama nimeshika pumzi. Mpango: kumpelekea seremala, zawadi kutoka kwetu. Ataulalia, atasahau, ataleta kaunta. Watu huwa wema wakishalala vizuri.

Nilikaa mlangoni kwake robo saa nikijikusanya. Alikuwa amenipa mgongo, anapiga msasa, penseli sikioni. Nilifungua mdomo mara nne. Sauti haikuja. Nikaamua zawadi nzuri ni ile inayokutwa. Nikaiweka taratibu juu ya meza ndefu iliyokuwa pembeni, inang'aa vizuri, nikaondoka kwa ncha za vidole. Nilitembea kama naelea. Njiani niliona anga ni pana kuliko jana.

Ilikuwa kaunta yetu. Vanishi ilikuwa mbichi.

Yaani hakuikata kuni! Alikuwa anaimalizia, kimya kimya, pamoja na yote aliyoyasema. Na mimi nikaenda nikaibandikia mto katikati.

Sauti yake ilifika kwetu saa nne. Mama Mkubwa akauliza anapigia kelele nini tena huyo. Nikasema sijui. Nilizama kwenye gunia la sufi hadi masikioni. Nilikaa humo hadi saa za kufunga. Ndani ya gunia la sufi dunia iko mbali sana na kila kitu kinasamehewa.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika polepole nisije nikaitibua siku hii.

Kwanza lazima nieleze desturi ya karakana, maana bila hiyo haieleweki. Kwetu mteja hanunui mto kwa kuubonyeza. Anausikiliza. Katikati ya chumba cha mbele kuna benchi refu. Mteja analala, kichwa kwenye mto, na mhudumu anahesabu moyoni hadi mia moja. Wakati huo hakuna anayeongea. Cherehani inasimama, shazia inabaki hewani, hata aliyekuwa anapiga chafya anaimeza. Na mpaka kichwa kiinuke chenyewe, kimya hakivunjwi. Hii Mama Mkubwa aliirithi kwa bibi na haina msamaha. Aliwahi kumfukuza mtu kazi kwa kukohoa.

Bibi wa Hoteli aliingia saa tatu. Mwembamba, funguo nyingi kiunoni, macho kama taa zilizoachwa zikiwaka mchana. Redio alimwahi mlangoni. Kiingereza cha Redio kina matundu kama chujio lakini anakimwaga bila aibu. Alimwaga. Alimweleza habari za mito, za hali ya hewa, za viatu vyake mwenyewe. Bibi wa watu alifumba macho, akashika paji la uso. Mama Mkubwa akaona. Akanisukuma mimi mbele.

Nilikuwa na sentensi tayari. Nimeiandaa kwa siku nne: ndani ya kila mgeni kuna mfalme aliye dormant, na mto huu ndio unaomwamsha. Nimeikariri kwa Kiingereza chote, tangu mwanzo hadi nukta. Nikafungua mdomo.

Sufi.

Basi nikamwonyesha benchi kwa mkono. Akalala. Nikaanza kuhesabu.

Kwenye ishirini, Fundi Shazia akaanza kuimba chumba cha nyuma. Wimbo ule ule wenye ndara. Mama Mkubwa akatoa macho, akageukia mlango wa nyuma, akafungua kinywa amnyamazishe, na hakuweza! Kichwa kiko kwenye mto. Akabaki kinywa wazi, mkono hewani. Wimbo ukapita juu yetu.

Kwenye mia moja nilitazama. Bibi wa Hoteli alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi kidogo, funguo zimeteremka hadi sakafuni.

Redio akaniashiria: mwamshe! Mimi? Nimguse bega mtu mzima nisiyemjua? Hata kondakta simwambii nashuka. Nikaendelea kuhesabu.

Kwenye mia nne mashavu ya Redio yalikuwa yamevimba. Kwenye mia nne na kumi alitoka mbio. Tulimsikia kwa mbali, uani, akiliongelesha pipa la maji.

Kwenye mia tisa akatokea seremala. Alikuwa na mkokoteni, na juu ya mkokoteni kaunta, na juu ya kaunta mto wangu, umeganda kama umeota pale. Uso wake ulikuwa mwekundu wa siku mbili. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi ya kupigia kelele.

Nikaweka kidole mdomoni.

Miaka tisa ya ujirani. Desturi yetu anaijua. Akatazama benchi. Pumzi ikatoka taratibu kama mpira wenye tundu. Akamkaribia Mama Mkubwa, akamnong'oneza. Sikusikia ila neno "ndevu". Mama Mkubwa akamnong'oneza. Nikasikia "unga wa mbao". Akajibu. Akajibiwa. Sijawahi kuona ugomvi wa namna hiyo. Ukinong'ona huwezi kumtukana mtu akiwa mbali; ni lazima usogee. Wakasogea. Huwezi kunyanyua sauti. Ni lazima ungoje mwenzako amalize. Wakangojana. Wimbo wa Fundi ukiwazunguka. Ilipofika elfu moja na mia tano, penseli ya sikioni mwa seremala ilikuwa inakaribia kugusa kilemba cha Mama Mkubwa.

Kisha Mama Mkubwa akaona sufi kwenye nyusi za seremala. Akanyoosha vidole, akaitoa. Akaishika mbele ya macho ya wote wawili.

Mabega ya seremala yakaanza kutikisika. Ya Mama Mkubwa nayo. Walicheka bila sauti, machozi yanawatoka, wameshikana mikono ya nguo, mpaka ikawabidi watoke nje kwa ncha za vidole. Huko ukuta wa nyuma nilisikia kicheko cha miaka tisa kikifunguliwa.

Nikabaki mimi na Bibi wa Hoteli. Nilihesabu hadi elfu tatu, nikapotea, nikaanza upya. Vijisufi vilikuwa vinamtua kwenye nywele, nikawa navitoa kimoja kimoja. Nikawaza ndani ya mwanamke huyu kuna nini kimelala. Labda msichana wa miaka kumi na minane. Labda yeye naye alikuwa anatazama madirisha. Jua lilitambaa kutoka sakafuni hadi kwenye benchi. Nadhani hata mimi niliondoka kidogo.

Saa tano na nusu alifumbua macho. Hakushtuka. Akanitazama, akauliza kitu. Sentensi yangu yote ya siku nne ilikuwa imeyeyuka, limebaki neno moja tu, juu kabisa, linaelea.

Nikasema: Dormant.

Akalirudia. Polepole, akitazama dari. Kisha macho yakamjaa machozi. Akaketi, akanishika mkono, akaanza kusema. Alisema mengi sana. Masikio yakajaa sufi palepale, ila nilijua ni maswali kwa jinsi sauti ilivyokuwa inapanda mwishoni. Kila ilipopanda nilitazama kwanza dirishani.

Yes.

Nilihesabu baadaye. Kumi na moja.

Akanikumbatia. Akaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Kaunta ni yangu! Kiti cha kuzunguka ni changu! Mama amekunja barua aliyokuwa akimwandikia kaka, akaitia chini ya kopo la chumvi. Baba amepiga mluzi nusu.

Mama Mkubwa amewaambia majirani wote kwamba mtoto wa mdogo wake alimweka mgeni kiganjani kwa neno moja tu. Seremala, ambaye amekunywa chai kwetu mara tatu tangu jana, alitaka kuubandua mto na kupiga msasa upya. Mama Mkubwa amekataa. Eti ubaki hapo hapo, wateja wataegemeza kichwa na kusikiliza wakiwa wamesimama. Seremala amesema kaunta yenye mto hajawahi kuiona. Mama Mkubwa amesema hata kitanda chenye ndevu watu hawakuwahi kukiona. Wakacheka tena. Nilijisikia vibaya kidogo kwa furaha ambayo si haki yangu, lakini kidogo tu.

Redio alikuja chumba cha nyuma. Nilidhani anakuja kunisema. Alikaa kwenye sufi, kimya, dakika nzima. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama ninaweza kumfundisha Kiingereza. Kile cha kwangu, alisema. Cha maneno machache.

Nilitaka kumwambia ukweli. Ulinifika hadi kwenye meno. Nikatazama dirishani.

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Barua imekuja kutoka hotelini. Karatasi nzito, herufi za kupendeza. Nimeketi nayo kwenye sufi pamoja na kamusi kuanzia saa sita hadi saa kumi. Ni orodha ya mambo tuliyokubaliana Ijumaa. Kumi na moja.

Nimekubali mito ya vyumba vyote hadi mwisho wa mwezi. Sawa. Nimekubali kwamba yote nitaijaza mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, usiku na mchana ikibidi. Si sawa. Nimekubali kwamba mzee anayeimba ataimba kila Jumapili kwenye ukumbi wao, na Fundi hajui. La saba linahusu ngazi, sijalielewa. La tisa: nimekubali kwamba napenda sana watoto wadogo, na kwamba wajukuu wake wakija likizo nitashinda nao. Ni mapacha.

La kumi na moja limepigiwa mstari. Ijumaa ijayo nitasimama mbele ya wafanyakazi wake wote, watu arobaini, na kwa saa nzima, kwa Kiingereza, nitawaeleza lile jambo zuri nililomwambia yeye: ni nini kilicholala ndani ya mtu, na kinaamshwaje.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikazama kwenye gunia.

Mama Mkubwa alinikuta humo. Akaona barua. Akauliza kwa woga kidogo, kama mtu anayemsumbua mkubwa wake kazini, kama ni barua njema, na kama nimeielewa yote. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu, sufi inashuka, na yeye ni Mama Mkubwa, angecheka, angenifunika na foronya, tungetafuta njia. Nilijua hivyo vizuri kabisa.

Nikatazama dirishani. Nikasema Yes.

Akatoka akiimba ule wimbo wa Fundi.

Lakini sina wasiwasi! Nikiwa ndani ya gunia nimepata mpango, mzuri kuliko yote. Sitasema lolote. Nitapeleka mito arobaini. Nitawaonyesha kwa mkono. Vichwa arobaini vitalala juu ya mito arobaini, na kichwa kikishakuwa kwenye mto, desturi ni desturi, hakuna anayeongea. Hata mhutubu. Saa nzima. Nitakaa katikati yao na kuhesabu, na wakiamka macho yao yakijaa machozi hilo ni lao.

Kamusi nimeirudisha chini ya mguu wa kitanda. Kimenyooka. Leo nitalala vizuri, miguu na kichwa sawasawa, kama watu wengine.

Na wewe, yeyote uliyeokota daftari hili na kulisoma hadi hapa: sasa tuko wawili tunaojua. Tafadhali, libaki kwetu. Usimwambie Redio, usimwambie Mama Mkubwa, hata mto wako usiuambie. Mtu akikuuliza kama yule msichana wa kaunta anakijua Kiingereza, tazama kwanza dirishani. Kisha mjibu kwa neno moja. Unalijua.